Dagaa wa Mama Wawili

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Eufrasia na rafiki yake Lyse walikuwa na kazi ya kufukuza kunguru. Kunguru wa ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, hawana adabu hata chembe. Ukiinama tu kufunga kamba ya kiatu, wameshatua katikati ya dagaa walioanikwa na kujichagulia wanono. Basi wasichana hao walizunguka vichanja wakiwa na fito mikononi, wakipiga kelele na kucheka, mpaka mama yake Lyse awaite wanywe uji na kukimbilia shuleni.

Vichanja hivyo vilikuwa meza ndefu za miti, zimeinuliwa usawa wa kiuno na kutandikwa nyavu kuukuu juu yake. Watu wengi pale ufukweni bado walianika dagaa mchangani, kama walivyofanya mama zao na bibi zao. Ndiyo maana dagaa wengine, hata ukiwaosha kwa maji mengi, mezani utasikia kitu kinasagika kwenye meno. Mgeni mwenye heshima hunyamaza akameza.

Wazo la vichanja lilitokana na mafunzo. Siku moja tangazo lilibandikwa katika ofisi ya kata ya Katubuka: mafunzo ya bure kwa yeyote anayetaka kuanzisha biashara ndogo ya kutengeneza na kuuza bidhaa. Leonia, mama yake Eufrasia, hakuliamini lile neno "bure".

"Mwishoni watatuuzia kitu, utaona," alisema.

"Wakituuzia tutakataa, tutarudi nyumbani," jirani yake alimjibu. "Twende kwanza tukawasikilize, mwenzangu."

Jirani huyo ndiye mama yake Lyse, na jina lake ni Générose. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake. Alikulia Kigoma, akaolewa Kigoma, na mumewe akazikwa Kigoma. Hata hivyo walikuwepo watu waliomwita mgeni. Yeye hakuwajibu. Alijitwika sinia lake la dagaa wa mchangani, akaenda kuuza Mwandiga, na jioni alirudi amechoka hoi. Leonia hakuwahi kumwita mgeni. Wanawake hao waliazimana jembe, mkaa na hata khanga za msibani, na watoto wao walikula popote chakula kilipoiva kwanza.

Mwalimu wao katika mafunzo alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole, aliyeitwa Thobias. Aliwafundisha kuchagua bidhaa ambayo watu wanaihitaji, kumjua mteja wao, na kuifunga bidhaa vizuri. Zaidi ya yote aliwafundisha kuandika ukweli kwenye lebo.

"Mkiandika neno kwenye pakiti, mteja ananunua lile neno kwanza," aliwaambia. "Dagaa wenyewe anakutana nao baadaye, jikoni kwake. Asipolikuta lile neno, harudi tena."

Wakagawana kazi. Leonia alikuwa wa kununua dagaa kwa wavuvi na kufunga pakiti. Générose alikuwa mkaguzi. Ilikubaliwa kwamba hakuna dagaa atakayeingia kwenye pakiti kabla Générose hajaonja. Bidhaa yao wakaiita "Dagaa wa Mama Wawili", na chini ya jina hilo wakaandika: "Hawana mchanga." Siku lebo zilipotoka, wanawake wale walishikana mabega wakacheka mpaka machozi.

Mafunzo yangemalizika kwa maonyesho. Mzee Hamdani, mwenye duka kubwa mjini, alikuwa ameahidi kuipa nafasi dukani kwake bidhaa itakayomridhisha. Nafasi hiyo ndiyo waliyokuwa wakiiota. Kwa Générose ingekuwa mwisho wa kutembea na sinia juani, na mwanzo wa kumwekea Lyse akiba ya kwenda sekondari bila wasiwasi.

Jumamosi, siku moja kabla ya maonyesho, Leonia na Générose walikwenda Katubuka kwenye somo la mwisho. Lyse alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Vichanjani walikuwepo dagaa wa mwisho wa msimu ule wa giza, maana mwezi ulikuwa umeanza kung'aa, na wakati wa mbalamwezi wavuvi wa taa hupumzika. Wakiharibika hao, wengine hawapatikani.

"Eufra, leo nakuachia wewe," mama yake alisema. "Ukiona wingu, vuta turubai. Usiende mahali."

"Sawa, Mama."

Alikaa kweli. Aligeuza dagaa, akafukuza kunguru, akageuza tena. Kisha akasikia sauti za wasichana wenzake nyuma ya ghala. Walikuwa wakicheza rede.

"Eufra! Tumepungukiwa mtu mmoja! Njoo!"

Aliangalia juu. Wingu lilikuwepo, lakini lilikuwa mbali, juu ya milima ya ng'ambo. "Mara moja tu," alijisemea, akaenda. Rede ikanoga. Alikwepa mpira mpaka akabaki peke yake katikati, wenzake wakimshangilia kwa jina, na kwa muda huo alisahau kabisa kwamba kuna samaki duniani.

Mvua ilishuka kwa kishindo. Alipofika vichanjani akihema, kichanja kimoja kilikuwa salama kwa sababu kilikuwa chini ya paa la bati. Kile kikubwa kilikuwa kimelowa chapachapa. Dagaa waliokuwa wamebakiza kidogo tu kukauka walikuwa wamegeuka rojo, wakishikana vidoleni na kukatika. Eufrasia alisimama palepale mvuani akilia.

Laiti angeishia kulia! Lakini hofu ilimtuma kazi. Aliwazoa dagaa walioharibika akawatupa ziwani. Kisha aliingia kwenye kibanda ambamo mama hao wawili walihifadhi vyombo. Kwenye kona kulikuwa na gunia la dagaa wa mchangani, mabaki ya biashara ya zamani ya Générose, ambayo alikuwa akiyatumia kwa mboga ya nyumbani. Kwa macho, dagaa wa mchangani na wa kichanjani huwezi kuwatofautisha. Eufrasia alichota, akapepeta kwa ungo. Mchanga ulidondoka mwingi. Akaonja mmoja, hakusikia kitu. Akaonja wa pili, meno yakasaga. Akaamua kuacha kuonja.

Aliwamwaga ndani ya beseni, akawafunika kwa wale wazuri wa chini ya bati.

Mama hao wawili waliporudi, jua lilikuwa limetoka tena. Générose ndiye aliyetangulia, amejifunga khanga iliyolowa.

"Mvua imewakuta dagaa?" aliuliza.

"Hapana, Mama Lyse. Niliwahi kuvuta turubai, kisha nikawaanua."

"Urakoze, mwanangu," Générose alimshukuru kwa Kirundi, kama alivyozoea moyo wake ukiwa na furaha. Akampapasa kichwani. Alichota dagaa wa juu ya beseni, akatafuna taratibu macho yamefumba. "Safi. Tufunge."

Wakafunga pakiti wakipiga soga. Eufrasia alibandika lebo. Kila alipobandika moja, neno "mchanga" lilimtazama usoni.

Jumapili alasiri ukumbi wa Katubuka ulijaa. Kulikuwa na waliotengeneza sabuni za mawese, walioleta asali, walioshona mikoba. Mzee Hamdani alipita meza kwa meza, kofia imekaa vizuri kichwani, hana haraka. Alipofika kwa Leonia na Générose, aliisoma lebo kwa sauti, akatabasamu.

"Hawana mchanga? Mama zangu, mimi nimezaliwa Ujiji. Hilo nilisikie kwa meno yangu."

Watu wakacheka. Alifungua pakiti, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Générose alimbana Leonia mkono. Mzee Hamdani akafungua pakiti nyingine, kutoka chini ya boksi. Alitafuna, akasita. Akatoa leso mfukoni, akatema. Akaonja kutoka pakiti ya tatu, akatema tena.

"Mngeandika dagaa tu, nisingesema neno," alisema kwa sauti ya chini. "Dagaa wetu wote tunawajua. Lakini mmeniandikia hawana." Akairudisha pakiti mezani kwa upole, akaenda meza iliyofuata.

Mwalimu Thobias aliinamisha kichwa. Nyuma, mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kusikika: "Si yule aliyekuwa akiuza wa mchangani Mwandiga? Kachanganya mabaki yake."

Leonia alizirudisha pakiti zote kwenye boksi. Walipofika kibandani alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akanyanyua lile gunia. Lilikuwa jepesi.

"Mama Lyse, gunia hili juzi lilikuwa zaidi ya nusu."

Générose aliliangalia gunia, akamwangalia Leonia. "Sijaligusa."

"Mkaguzi ni wewe. Gunia ni lako. Humu ndani hatuingii ila sisi wawili."

"Si jewe, Leonia. Si mimi. Imana irabizi, Mungu anajua." Sauti ilimkatika, na lugha zake mbili zikaanza kuchanganyika.

Hasira ikamzidi Leonia, akatamka neno ambalo hakuwahi kulitamka maishani mwake. "Watu waliniambia nisishirikiane na mgeni. Nikawakatalia!"

Eufrasia alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona Générose akipokea neno lile. Mwanamke huyo alikunja khanga yake vizuri, akatoka akipita karibu kabisa na Eufrasia. Hata wakati huo Eufrasia angeweza kufungua kinywa. Lakini alisogea tu kumpisha.

Kesho yake Lyse alimsubiri kwenye geti la shule. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Eufra, wewe ulikuwepo Jumamosi. Mwambie mama yako. Wewe unajua mama yangu hawezi kufanya vile."

Eufrasia aliangalia viatu vyake. "Mimi sijui," alisema. "Mimi nilikuwa vichanjani tu."

Lyse alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaingia darasani peke yake.

Maneno yalisambaa Kibirizi yote. Wavuvi walipomwona Générose walitaniana kuhusu mchanga. Wanunuzi wake wa zamani walimpita. Wiki haikuisha, akafunga vyombo vyake, akamchukua binti yake, wakapanda boti kwenda kijiji cha Ilagala kwa dada yake. Hakuna aliyewasindikiza. Eufrasia aliona kwa mbali godoro lao likipakiwa, akajificha nyuma ya ghala lilelile walikokuwa wakicheza rede.

Kuanzia hapo nyumba ya kina Eufrasia ilipoa. Leonia hakwenda tena kununua dagaa. Kunguru walitua kwenye vichanja vitupu na hapakuwa na wa kuwafukuza. Darasani kiti cha Lyse kilibaki wazi, na mwalimu alipoita jina lake wanafunzi walijibu, "Amehama." Eufrasia alikosa hamu ya kula. Usingizini alimsikia Lyse akimwambia mwambie mama yako, mwambie mama yako.

Siku moja Mwalimu Thobias alikuja kuwatembelea. Ilikuwa desturi ya mafunzo yale kuwafuatilia waliohitimu.

"Mama Eufra, kuna darasa jipya limeanza. Njoo ujipange upya," alisema. "Mzee Hamdani si mtu wa kinyongo."

"Mwalimu, bidhaa naweza kutengeneza nyingine," Leonia alijibu. "Lakini rafiki nitamtoa wapi? Yule mwanamke alikaa na mimi hospitali nilipomzaa huyu mtoto. Nilimwamini kuliko ndugu zangu." Akajifunika uso kwa khanga, akalia mbele ya mgeni bila aibu.

Eufrasia hakuweza tena kuvumilia. Alipiga magoti sakafuni.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Dagaa walilowa. Nilikwenda kucheza rede. Nikachukua kwenye gunia la Mama Lyse, nikawaficha chini. Yeye hakujua. Ni mimi, Mama."

Alijikunyata akingoja kipigo. Hakikuja. Leonia alikuwa amekaa ameduwaa.

"Nimemwita mgeni," alisema polepole. "Jamani, nimemfukuza Générose kwa mdomo wangu."

Alipofuta machozi, uso wake ulikuwa umebadilika. "Mwalimu, wale waliosikia uongo ukumbini wausikie na ukweli. Naomba utuitie watu."

Mwalimu Thobias aliwaita, na Mzee Hamdani pia. Mbele ya darasa jipya, pamoja na wengi wa lile la kwanza, Eufrasia alisimama na kueleza yote: rede, mvua, gunia, beseni. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini hakuruka jambo. Baada yake mama yake alisimama, naye akaeleza neno alilomwambia mwenzake. Yule mwanamke aliyenong'ona siku ya maonyesho aliangalia chini. Mzee Hamdani alivua kofia yake, akaizungusha mikononi.

"Basi mimi nilimhukumu mtu asiye na kosa," alisema. "Mwambieni yule mama, dagaa atakaowakagua yeye nitawapokea. Na mumfikishie pole yangu."

Jumamosi iliyofuata Leonia na binti yake walipanda boti kwenda Ilagala. Njia nzima Eufrasia alikuwa akipanga maneno. Walipoteremka, kitu cha kwanza walichokiona ufukweni ni vichanja vipya, virefu kuliko vile vya Kibirizi. Katikati ya vichanja hivyo alikuwa Générose, akiwaonyesha wanawake wa pale jinsi ya kukaza wavu. Yale aliyofundishwa bure, naye alikuwa akiyafundisha bure.

Alipowaona, aliunyoosha mgongo wake. Eufrasia alimwendea, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mama Lyse."

"Marahaba."

Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea. Alieleza tu kilichotokea, huku akilia kwa kwikwi. Leonia naye alipiga magoti mchangani kando ya mwanawe, mtu mzima mbele ya mtu mzima mwenzake, jambo lililowafanya wanawake wa Ilagala waache kazi.

"Nisamehe," alisema. "Uliniambia si wewe. Nilipaswa kukusikia."

Générose alimwinua Leonia kwanza, kisha akamwinua Eufrasia. Alikuwa akilia pia, ila kimyakimya.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kucheza, watoto wote wanacheza. Mvua inanyesha, dagaa wanaharibika, hayo yanatokea. Ungesema siku ile, tungekwenda kwenye maonyesho na pakiti chache, na pengine Mzee Hamdani angetupokea na hizo chache. Lakini ulificha. Ulipoficha, kosa halikuisha, lilitafuta mtu wa kumkalia, likanikalia mimi. Mimi sikuwa na shamba, sikuwa na mume. Nilikuwa na jina langu tu kwamba Générose ni mkweli. Hilo ndilo lililochukuliwa. Umelirudisha, na nakushukuru, maana najua ilikuwa vigumu. Nimekusamehe. Nimemsamehe na mama yako."

"Basi rudi nyumbani," Leonia alisema kwa matumaini. "Mzee Hamdani yuko tayari. Vichanja vipo."

Générose alitikisa kichwa. "Dagaa wangu nitampelekea Mzee Hamdani kutoka hapa. Lakini Kibirizi sirudi, Leonia. Watu hawakuhitaji ushahidi kuniita mwongo. Walikuwa wameshaniandalia nafasi hiyo, kwa sababu waliniona mgeni. Kila nikipita pale nitakumbuka."

Leonia alimshika mikono.

Eufrasia alimtafuta Lyse kwa macho. Alimkuta upande wa pili wa kichanja, akigeuza dagaa pamoja na wasichana wawili wa kijijini. Lyse alikuwa amesikia yote.

"Lyse, nisamehe," Eufrasia alisema.

"Mama amekusamehe. Nimekusamehe." Hakuacha kugeuza dagaa. "Lakini nilikuuliza pale getini, Eufra. Nilikuuliza wewe peke yako, kwa sababu nilijua wewe utasema kweli."

Msichana mmoja alimwita Lyse waende kuchota maji, naye akaenda.

Kwenye boti ya kurudi, mama na mwana walikaa ubavu kwa ubavu. Leonia alikuwa ameshika pakiti ya dagaa aliyopewa na Générose kwa ajili ya safari.

"Mama, nimeshasema ukweli," Eufrasia alisema hatimaye. "Mbona bado inauma?"

Leonia alimvutia karibu. "Inauma kwa sababu tumechelewa, mwanangu, wewe na mimi pia. Wewe ulichelewa kusema, mimi nilichelewa kufikiri. Ukikosea, sema palepale, hata kama unatetemeka. Fimbo ingekuuma siku moja ikaisha. Hii tutakaa nayo. Ila umesema, na Générose anatembea kichwa juu. Shika hilo, na usirudie."

"Lyse hatarudi?"

Mama yake aliangalia maji. Alitamani kumdanganya ili atulie, lakini hakufanya hivyo.

"Hapana," alisema. "Lyse hatarudi."

Eufrasia aliegemea kifua cha mama yake akalia, na Leonia akamwacha alie mpaka Ujiji ilipoonekana.